Kupanga uani pa kukaa jioni mwisho wa kaskazi (Chukwani, Unguja)

Mgeni wa Chukwani

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa kupanga uani ili pawe pa kukaa jioni, kuanzia baada ya Magharibi mpaka saa nne usiku. Ramadhani ya safari hii inaingia kaskazi (msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki) haijesha, na watu watafuturu hapo hapo.

Vipimo ni hivi: mita 7 kaskazini kwenda kusini, mita 5 mashariki kwenda magharibi. Nyumba iko upande wa mashariki, na baraza ya saruji imejengwa ikiegemea ukuta wake, kwa hivyo mtu akikaa anatazama magharibi. Ukuta wa magharibi una kimo cha mita 1.5 tu, nyuma yake ni wazi. Upande wa kaskazini kuna kichochoro cha upana wa mita moja kinachopita kando ya nyumba. Ardhi ni jiwe, udongo ni kina cha shubiri moja au mbili. Maji ya kisima yana chumvi kidogo ulimini, na ya bomba yanakuja kwa zamu.

Matatizo ni matatu. Baraza inachoma mpaka Isha. Asumini nne zilizopandwa chini ya ukuta wa nyumba tangu masika zina majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, na ncha za majani makongwe zimeungua. Maua yake ni ya kuhesabu. La tatu ni mbu, na hao wanaanza saa kumi na moja, jua bado lipo.

Nipande nini cha kunukia usiku, na taa niweke za aina gani? Tumeshaingia Januari.

---

Kibarazani

Waalaykumu ssalaam. Anza na jua la alasiri kabla ya maua na taa. Uani pa jioni panaharibika au kutengenea baina ya saa nane na saa kumi na mbili, maana joto linalokutokeni usiku ni lile ukuta na saruji vilivyolinywa mchana. Ukuta wako wa nyumba unatazama magharibi bila kizuizi, baraza iko chini yake, na sakafu mbele yake bila shaka ni saruji tupu. Hata ukizipanda asumini ishirini, watu wataondoka kwenda kukaa mbele ya nyumba.

Tazama hesabu ya kivuli. Mwanzoni mwa Februari hapa kwetu, saa kumi alasiri jua liko karibu digrii 39 juu ya upeo, na saa kumi na moja liko karibu digrii 25. Kizuizi cha mita 2.2 kwenye ukuta wa magharibi kinatupa kivuli cha mita 2.7 saa kumi, na mita 4.7 saa kumi na moja. Yaani sakafu yako ya mita 5 itakuwa kivulini karibu yote saa kumi na moja, lakini ukuta wa nyumba juu ya baraza bado unapigwa. Kwa hivyo kizuizi kimoja hakitoshi. Unahitaji viwili: cha kusimama magharibi, na cha kulala juu ya baraza.

Cha magharibi: pandisha ukuta huo kwa fito na makuti ya kumba mpaka mita 2.2. Usiuzibe kwa tofali. Makuti yanapitisha upepo, tofali linauzuia na lenyewe linakuwa jiko jengine. Na usisahau pembe ya kusini-magharibi. Wakati huu wa mwaka jua linazama kusini kidogo ya magharibi, kwa hivyo kizuizi kinachoishia sawa na mwisho wa baraza kinaacha mwanya ambao jua la saa kumi na moja na nusu litauingilia. Kizungushe mita moja na nusu upande wa kusini.

Cha juu ya baraza: kichanja cha nguzo za mvinje. Nguzo nne za unene wa sentimita 8 mpaka 10, kimo cha mita 2.4 kutoka sakafuni, zitoke mita 2.5 mbele ya ukuta. Juu yake boriti nyembamba kila sentimita 60, kisha waya wa geji 12 kila sentimita 30 kwa ajili ya mmea wa kutambaa. Nguzo usizichimbie moja kwa moja ardhini, mchwa watazila kutoka ndani na wewe unaona ganda zima. Mimina kigingi cha zege cha sentimita 20 juu ya ardhi, ukitie kipande cha chuma cha kuibana nguzo. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari badala yake. Karibu na mizizi ya asumini usifanye hivyo, itashuka na maji.

Mmea hautakufikia kabla ya Ramadhani, hilo liseme mapema kwa watu wa nyumbani. Kaskazi hii tandika makuti juu ya kichanja. Masika panda pesheni ya njano, miche miwili, mmoja kila mwisho. Kwenye ardhi ya jiwe inavumilia kuliko ile ya zambarau, na ukiitunza itakufunikia kichanja kaskazi ijayo. Acha nafasi ya sentimita 30 baina ya majani na ukuta ili hewa ya moto ipande itoke. Mmea ulioganda ukutani unaihifadhi hiyo hewa pale pale penye vichwa vya watu.

Ukuta wa nyumba upake chokaa nyeupe. Unarudisha jua mchana, na usiku wa mbalamwezi unaangaza uani bila ya taa yoyote. Kumwagia maji sakafuni kunafaa, lakini mapema: saa kumi na moja, maji kidogo ya kulowesha, wakati upepo bado upo wa kuyakausha. Ukimwaga wakati wa kuadhini, unapata unyevunyevu na jasho, si ubaridi.

---

Shamba Darasa

Kibarazani kamaliza la joto. Mimi nasema la asumini, maana dalili ulizozieleza ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haigusi la pili.

Majani *mapya* ya njano yenye mishipa ya kijani ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma chenyewe mara nyingi kimo udongoni, ila ardhi ya jiwe la matumbawe ina chokaa nyingi, na kwenye chokaa mizizi haiwezi kukivuta. Kwako pana jambo la ziada: zimepandwa chini ya ukuta wa nyumba, na pale ndipo mafundi wanapoacha vifusi vya saruji na plasta. Chimba kwa kijiko sentimita 30 kando ya ukuta, uangalie. Ukikuta vipande vya kijivu vinavyovunjika mkononi, hicho ndicho kinachoendelea kuitia chokaa mizizi yako kila unapomwagia.

Ncha za majani *makongwe* zilizoungua ni chumvi. Maji ya kisima yanakunywewa na mmea, chumvi inabaki. Kila siku ukimwagia kidogo kidogo, inarundikana kwenye sentimita za juu, pale pale penye mizizi ya asumini.

Sasa usizihamishe. Kung'oa asumini Januari, jua hili, ni kuiua. Ziache mpaka mvua za masika zishike. Kwa sasa fanya haya.

Ondoa vifusi unavyovifikia bila kukata mizizi minene. Tia mbolea ya chuma cha cheleti, na angalia kwenye pakiti kimeandikwa EDDHA, maana aina hiyo ndiyo inayodumu kwenye ardhi ya chokaa. Ile ya salfeti ya chuma inayouzwa rahisi ukiitia kwenye udongo wa jiwe inafungwa upesi na hela yako imepotea. Kipimo fuata cha kwenye pakiti, mwagia shinani asubuhi, si majanini. Majani yaliyokwisha kuwa ya njano huenda yasirudi vizuri. Wewe tazama yale yatakayochipua baada ya wiki mbili tatu.

Maji: badala ya lita tatu kila siku, mwagia lita 15 kila mche mara moja kila baada ya siku tatu, asubuhi baada ya Alfajiri, taratibu mpaka yazame. Maji mengi kwa mkupuo mmoja yanaisukuma chumvi chini ya mizizi. Yakija ya bomba, jaza pipa na uyatenge kwa asumini tu. Ya kisima uyapeleke kwenye mimea inayovumilia. Na mvua ikianza, tega bati. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 10 tu za mvua linakupa lita 600 kwa hesabu. Toa zinazomwagika na kukauka, pipa mbili za lita 200 zinajaa bila wasiwasi.

Kuhusu maua. Asumini inatoa maua kwenye machipukizi mapya. Matawi makongwe yakiachwa yanatoa majani tu. Mche mzima wenye afya unaukata theluthi ya juu, juu kidogo ya fundo la majani, unatoa vijiti vilivyokufa ndani, unatia nusu ndoo ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na baada ya wiki sita mpaka nane unapata wimbi la maua. Zako ni dhaifu, usikate theluthi. Punguza ncha tu, sentimita 10 mpaka 15. Na mbolea ya yurea iweke mbali, itakupa majani makubwa ya kijani kibichi na vichomozo virefu visivyo na tumba.

Kwa ajili ya Ramadhani nunua miche miwili iliyokwisha kushika tumba, uipande kwenye ndoo za lita 20. Toboa matundu sita chini, kila moja la unene wa kidole kidogo. Changanya udongo wa kinongo sehemu mbili, samadi iliyooza moja, makumbi yaliyochambuliwa moja. Ndoo zinataka jua saa sita kwa siku, kwa hivyo mchana zikae kwenye jua upande wa kaskazini, jioni unazisogeza karibu na baraza. Kaskazi ndoo moja inakunywa lita mbili mpaka tatu kila siku, na hiyo iwe ya bomba.

---

Mgeni wa Chukwani

Nashukuruni sana nyote wawili. Nimechimba kando ya ukuta, vifusi vipo, tena vingi.

Maswali mawili ya haraka. Majivu ya jikoni nilikuwa naambiwa yanaleta maua, niendelee? Na kuna makumbi na mabaki ya mwani ninayoweza kupata bure kutoka Jambiani, yanafaa kutandaza shinani?

---

Shamba Darasa

Majivu acha leo hii. Kwenye udongo mwekundu wa mashamba ya ndani yanaweza kufaa. Kwako yanazidisha chokaa, yaani unakitonesha kidonda kile kile.

Makumbi uliza kwanza yametoka wapi. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yamekaa ndani ya maji ya bahari miezi, yana chumvi ndani ya nyuzi. Ukiyatandaza hivyo hivyo, kila ukimwagia unaimwagia asumini maji ya bahari. Yaloweke maji ya tamu, uyamwage, mara tatu. Makumbi ya nazi kavu za shambani hayana shida hiyo. Tandaza unene wa sentimita 5 mpaka 7, na uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo gome linaoza chini masika yakiingia.

Mwani ni mbolea nzuri, lakini wakati wake ni masika. Urundike mahali pa wazi unyeshewe mvua mpaka uoze, ndipo uutie. Sasa hivi usiulete.

---

Mtoto wa Wete

Kwa harufu, jambo la kwanza ni upepo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki na nyumba yenu imeukinga upande huo. Upepo utakaokufikieni barazani ni ule unaopenya kile kichochoro cha mita moja. Basi kinywa cha kichochoro ndicho pahala pa asumini za ndoo na mrehani. Ukizipanda kusini ya baraza, ambako watu wengi wangezipeleka kwa kuwa pana nafasi, harufu yote inakwenda kwa jirani mpaka kusi ije.

Mrehani panda karibu na njia, sentimita 25 baina ya mche na mche, uguswe na nguo za wapitao. Unanukia kwa kuguswa. Kila ukitoa vichwa vya maua kata, ukiuacha uzae mbegu unakauka na kuwa vijiti.

Mhina ndio mmea wa maji yako ya kisima. Unavumilia ukavu na chokaa, na chumvi kiasi, na maua yake madogo ya rangi ya malai yananukia sana jioni. Watu wengi hawayajui kwa sababu wanaukata kila wiki kama ua wa kuzunguka nyumba. Maua yanatoka kwenye ncha za matawi, ukikatakata huyaoni. Kata mara moja baada ya maua, kisha uache.

Mkadi nao unastahimili chumvi vizuri, lakini angalia mambo mawili. Ua linalonukia, lile la kutiwa kwenye kikuba (kifurushi cha maua cha kujipambia), linatoka kwenye mti dume tu, kwa hivyo chukua chipukizi la mti ambao ua lake umelinusa. La pili, majani yana miba pembeni na mti unatanuka. Uani pa mita 5 na watoto wanakimbia, mie nisingeupanda. Weka nje ya ukuta.

Mlangilangi watu wanaupenda na wanausahau urefu wake. Ukiachwa unapita paa la nyumba. Ukiutaka, kata kichwa ukiwa mita 2, na kila mwaka uyainamishe matawi ya pembeni, ndivyo unavyofanyiwa kwenye mashamba ya mafuta ili maua yafikiwe kwa mkono. Ua likiwa bado la kijani halinukii kitu. Subiri ligeuke njano na kupata doa jekundu kitovuni. Unataka udongo wenye kina, na kwako shubiri mbili hazitoshi bila kuvunja jiwe na kujaza shimo la mita moja kwa mita moja. Uweke mita 4 au zaidi kutoka kwenye karo (shimo la maji machafu).

Kilua, kama utapata mche kutoka huku kwetu Pemba au kokote, ni kichaka cha kivulini. Jua la magharibi litakichoma. Chini ya kichanja, pesheni ikishafunika, ndipo pahala pake.

Mawili ya kuyaepuka. Malkia wa usiku ananukia kweli, lakini ndani ya uani mdogo harufu yake inawapa watu maumivu ya kichwa, na matunda yake yana sumu. Mnanaha wenye maua makubwa meupe ya kufunguka jioni ni mzuri kwa macho, na ni sumu kuanzia jani mpaka mbegu. Pahala penye watoto na mbuzi usiuingize.

Na asumini za kuchuma kwa ajili ya vikuba: chuma alasiri, tumba liwe limejaa, limeshakuwa jeupe na bado limefumba. La kijani halitafunguka. Zifunge ndani ya kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa, zitafunguka zenyewe baada ya Magharibi. Kuchuma hakuidhuru asumini, ila ziachie na mtini, watu wanapata harufu ya pande zote.

---

Afya Mtaani

Mbu wa saa kumi na moja ni Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi. Huyo hatoki mbali, wengi wanazaliwa ndani ya mita mia moja za pale wanapouma. Maana yake yumo uani kwako au kwa jirani. Kagua visahani vya chini ya vyungu, vifuu, makopo, mfereji wa bati ulioinama, pipa lisilofunikwa. Kutoka yai mpaka kuruka ni siku 7 mpaka 10 kwenye joto hili, kwa hivyo kila Ijumaa mwaga na *usugue* kuta za chombo. Mayai yake yanaganda pembeni juu ya mstari wa maji na yanaweza kukaa makavu miezi. Aliyemwaga bila kusugua kawapa maji mapya tu. Ndoo za asumini hazina haja ya kisahani kabisa. Pipa la bomba na la mvua lifunike kwa wavu wa chandarua uliofungwa kwa kamba.

Usiku anakuja mwengine, Culex, huyo anatoka kwenye karo. Ziba nyufa za mfuniko kwa saruji, na bomba la kutolea hewa livae wavu. Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalitiwa punje za polistirini (plastiki nyepesi) zikaelea na kufunika maji, na mbu hao wakapungua sana. Kufunika maji kunafanya kazi kuliko kupiga dawa kila wiki.

Kuna imani moja niiondoe kwa heshima: mchaichai na mrehani zikisimama tu hazifukuzi mbu. Mafuta yake yako ndani ya jani, yanatoka likipondwa au kuchomwa, na yanapotea haraka. Zipandeni kwa chai na kwa harufu. Kinachofukuza mbu barazani ni feni. Mbu anaruka kwa udhaifu, upepo wa feni ya kusimama unamshinda, na unatawanya pumzi ya watu inayomwita. Iweke chini ielekee miguuni, mita mbili hivi kutoka kwa watu, maana Aedes anatafuta vifundo vya miguu. Na ukiwasha kivumbasi kwenye chetezo kuanzia saa kumi na moja na nusu, weka upande unaotoka upepo, kinywani mwa kile kichochoro.

---

Fundi wa Taa

Taa: chache, za chini, za rangi ya njano. Balbu za LED za wati 3, kwenye pakiti iandikwe 2700K au chini yake. Nyeupe kali zinavuta wadudu zaidi na zinawaumiza watu macho. Kwa mita 7 kwa 5 taa nne zinatosha: mbili chini ya ukingo wa baraza zikimulika sakafu, moja kwenye njia ya kichochoro, moja nyuma ya mhina ikipiga ukuta wa chokaa. Hakuna taa ya juu ya vichwa. Mahali pa kupakulia chakula ongeza ya tano yenye swichi yake, uizime baada ya futari.

Waya upite ndani ya bomba, chini sentimita 50. Pale jiwe linapogoma, upitishe ukutani ndani ya bomba badala ya kuuzika juu juu penye jembe. Swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, si ya kujadiliwa uani penye maji na watoto. Skrubu za chuma cha kawaida Chukwani zinaliwa na hewa ya bahari. Tafuta za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu.

Za jua zinafaa kwenye njia, ila wengi wanaziweka chini ya kichanja kisha wanalalamika zinazima saa mbili. Kipande cha juu kisipopata jua la wazi mchana kutwa, betri haijai. Umeme ukikatika, fanusi mbili zitundikwe kimo cha kiuno, mbali na makuti. Makuti makavu ya Februari yanashika moto kwa cheche, na chetezo kiangaliwe hivyo hivyo.

Mvua za mwanzo zikinyesha kumbikumbi watajaa. Zima taa zote za uani kwa saa moja, acha moja mbali, kwenye geti. Watahamia huko.

---

Mgeni wa Chukwani

Jazakumullahu kheri. Nimeshapata nguzo za mvinje na makuti. Jambo la mwisho kwa Shamba Darasa: kwenye asumini moja kuna unga mweupe kama pamba kwenye vifundo, na majimoto (wale chungu wekundu wanaouma) wanapanda na kushuka. Nipige dawa gani, kwa kuwa watu watakuwa wanazichuma?

---

Shamba Darasa

Hao ni vidugamba vya unga, na chungu hao wanavilinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Tawi lililogusana na ukuta au kichanja likate ili wasiwe na daraja. Vidugamba vichache vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Vikiwa vingi, ponda nusu kilo ya kokwa kavu za mwarobaini, roweka kwenye lita 10 za maji usiku mzima, chuja kwa kanga, tia sabuni ya maji kijiko kimoja cha chakula. Nyunyiza chini ya majani jua likishapungua makali, maana jua linaiua nguvu yake. Rudia baada ya siku saba. Inanuka vibaya, kwa hivyo fanya siku ambayo hamna wageni. Tumba zilizo karibu kufunguka zichume kabla ya kunyunyiza, na za siku tatu zinazofuata usizitie kwenye vikuba.

Masika yakishika, katikati ya Aprili hivi, hamisha zile nne. Jenga kitalu cha tofali cha kimo cha sentimita 40 upande wa kaskazini, mbali na ukuta wa nyumba angalau nusu mita, ukijaze mchanganyiko ule ule wa ndoo. Wakati huo huo kata vijiti vya unene wa penseli, sentimita 15, vyenye mafundo matatu, utoe majani ya chini, ufukie mafundo mawili kivulini. Vinatoa mizizi kwa wiki nne mpaka sita. Konokono wakubwa watavijia, kwa hivyo pita na kurunzi baada ya Isha, uwaokote kwa mkono uliovaa mfuko.

---

Mtoto wa Wete

Nyongeza moja kwa kitalu hicho cha kaskazini: usikipandishe mpaka kikazibe kinywa cha kichochoro. Acha sentimita 60 wazi upande wa nyumba, upepo upite.